Viwanda Vitatu, na Jibu la Kopo Lako

Ofisi ya Safari za Mashambani,
Chumba cha Nyuma,
S.L.P. 209.

Jumapili, tarehe 19 Oktoba

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, miguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, na si umesimama jikoni ukijifanya hukumsikia. Presha inaendeleaje? Vidonge unameza vyote, au ukijisikia vizuri unaviruka? Na goti la Baba mdogo je? Mpe shikamoo yake sasa hivi kabla hujaendelea, maana najua yuko pembeni hapo anasubiri kusikia kama ametajwa.

Sisi huku ni wazima wa afya, isipokuwa jambo moja nitakalokueleza. Mavuno yamekwisha wiki mbili sasa, mizabibu imebaki na majani yanayogeuka rangi, na barabara imepumua kwa sababu matrekta yamepungua. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa ufundi umeme. Nyumba nzima ni nyaya, ukitaka kukaa unauliza kwanza kama kiti kina moto.

Barua yako nimeipata, na kopo nalo limefika salama, halikubonyea hata kidogo. Umeniomba mambo mawili. La kwanza, niwachagulie viwanda vya mvinyo vya kutembelea mkija mwezi wa kumi na mbili, na Baba mdogo akaambatisha orodha yake ya viwanda saba kwa siku moja, kila kimoja na saa yake ya kuingia na ya kutoka. Mama mdogo, viwanda saba kwa siku moja si ziara hiyo, ni ukaguzi. Mwambie amestaafu ustesheni masta, hakuna treni inayomsubiri.

La pili ni la kopo. Umeniomba nikinuse kitambaa cha kichwa cha marehemu Mama kilichomo, nikwambie kama harufu yake bado imo au imekwisha, kwa sababu wewe umeshakizoea na huiamini tena pua yako. Ukaandika, "Yako wewe haidanganyi."

Hapo ndipo uliponimaliza. Mama mdogo, mimi sinusi. Sinusi chochote tangu mwezi wa tatu.

Usishtuke, na usianze kupiga simu kwa ndugu wote. Yalikuwa mafua ya siku nne, ya kawaida kabisa. Siku ya tano nikaamka mzima, nikabandika maziwa jikoni, nikaenda kufua soksi. Nilishtuliwa na binti yangu akiingia mbio, amefunika mdomo, nyumba imejaa moshi na sufuria imekuwa nyeusi. Nilikuwa hatua sita kutoka kwenye lile jiko. Mimi! Mimi niliyepewa jina la Pua na Mama mwenyewe, kwa sababu yeye akiwa chumba cha mbele anaongea na wateja wake wa udobi, mimi mtoto wa miaka mitano nilikuwa napiga kelele kutoka uani kwamba shati linaungua, na akikimbilia pasi anakuta kweli kola imeanza kubadilika rangi.

Daktari alinimulika puani, akanipa dawa ya kupuliza, akaniambia inaweza kurudi na inaweza isirudi, nisubiri. Nimesubiri miezi saba. Mdomoni nimebaki na uchachu, utamu, uchungu na chumvi. Vingine vyote vimeondoka bila kuaga.

Sikumwambia mtu isipokuwa binti yangu, na yeye nilimlisha kiapo. Kwa nini? Kazi, Mama mdogo. Unajua napeleka wageni mashambani, lakini sidhani niliwahi kukueleza vizuri tunavyofanya. Bonde hili lina viwanda vya mvinyo zaidi ya arobaini. Mgeni akiachwa achague peke yake anafuata bango kubwa la barabarani, anaishia kule juu kilimani pamoja na mabasi yote ya dunia. Kwa hiyo ofisi yetu huchagua viwanda sita kila mwaka, na wageni wetu wa msimu mzima huenda kwenye hivyo sita tu. Kuvichagua ndiyo kazi yenyewe. Kuendesha gari ni sehemu ndogo.

Tunachagua siku moja, tunaiita siku ya soksi. Kila kiwanda kinaleta chupa moja, na ili mtu asitambue chupa ya rafiki yake, kila chupa inavishwa soksi ndefu ya mpira wa miguu, soksi za dereva mwenzangu, zimefuliwa, usikunje uso. Soksi inapachikwa namba. Tunakaa mezani watano, tunaonja kimya, tunatema kwenye ndoo, kisha mimi ndiye nasema wa kwanza. Miaka kumi na moja nimesema wa kwanza. Nikisema ndiyo ni ndiyo, nikisema hapana chupa inaondoka mezani. Sasa fikiria mtu wa kiti kile anakwenda kwa bosi wake kumwambia pua imekufa.

Msimu wenyewe niliupitisha kwa kumbukumbu. Wageni wakiniuliza nasikia nini kwenye bilauri, nilijibu niliyokuwa nikijibu mwaka juzi, maana kila ghala nalijua lilivyo. Nilikuwa kama mtoto anayejifanya kusoma kitabu alichosomewa mara nyingi, anageuza kurasa mahali panapostahili. Ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujiona mjanja.

Siku ya soksi ikafika, Jumatatu hii iliyopita. Hapo kumbukumbu haisaidii, namba ni namba. Nilimwomba bosi wetu, ambaye tunamwita Mama Ratiba na unaweza kukisia kwa nini, kwamba mwaka huu niseme wa mwisho ili wengine nao wapate nafasi. Alitazama saa yake, akasema ratiba imeshachapwa. Basi nikajikaza kisabuni. Nilikuwa na mpango wa pili, na mpango huo ulikuwa uso wa Kimya.

Kimya ndiye huyo mwenye soksi. Kwa siku anatoa maneno labda ishirini, na kumi kati yake ni kwa gari. Lakini uso wake, jamani, uso wake ni redio. Mvinyo mzuri unamwinua nyusi ya kushoto. Mbaya unamkunja mdomo kabla hajameza. Miaka tisa tunafanya kazi pamoja, naujua uso ule kuliko wangu. Nikajisemea, nitaonja, nitamtazama, nitasema.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba asubuhi ile Kimya alikuwa ameamka na jino. Mtu mwingine angeingia ofisini analia, kashika shavu, anaomba chumvi. Yeye aliingia, akasema "Habari," akaketi.

Soksi namba nne ulikuwa mvinyo mweupe, umetoka kwenye friji muda ule ule. Tukaonja. Nikamtazama Kimya, uso wote umekunjamana, jicho moja limefumba. Nikaweka bilauri chini kwa madaha, nikasema, "Hii imeharibika. Nasikia ukungu." Wote wakatikisa kichwa. Mpokea simu wetu akaongeza kwamba hata yeye anasikia kama gunia bichi. Nne ikaondoka mezani.

Tano na sita hazikuwa na makuu. Namba saba ulikuwa mwekundu, wa joto la chumbani. Jino likatulia. Kimya akaegemea kiti, akavuta pumzi ndefu, nyusi ikapanda, uso wa mtu aliyepata afueni. Nikasema hii ndiyo yenyewe, matunda meusi, moshi kidogo, na ngozi ya kiatu kipya. Hayo ya ngozi niliyatoa wapi sijui. Wakaandika. Mama Ratiba akaomba aongezwe.

Tulipovua soksi nikaona nne ni ya mawifi.

Mawifi ni wanawake wawili, mkubwa dada wa marehemu mwenye kiwanda, mdogo mjane wake. Yule bwana alipofariki watu walisema hawa hawatamaliza mwaka pamoja. Wamemaliza kumi. Wanagombana kila siku kuhusu funguo za ghala, na kila siku wanalifungua. Miaka minane wamekuwa kwenye orodha yetu, na wageni tunaowapeleka ni zaidi ya nusu ya wote wanaoingia lango lao. Mwezi uliopita tu wametoka kupaka rangi mabenchi kwa ajili yetu. Na mimi nimewatoa kwa kufuata jino la mtu.

Lakini siku hiyo sikujua ni jino. Nilijiambia labda kweli chupa yao ilikuwa mbovu, hutokea hata kwa wazuri. Niliyajua Jumanne, tukiwa tunaosha bilauri. Kimya alichukua zile chupa zilizobaki, akaonja nne, akaonja saba, akatema saba kwenye sinki.

"Saba imeoza," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema jana. Akasema, "Ulishasema wewe."

Na nne? Akasema nne ni nzuri sana, ila ilimgusa jino, na keshaling'oa leo asubuhi.

Mama mdogo, nilicheka mpaka nikakaa juu ya kreti. Fikiria watu wazima wanne wamekubali mvinyo uliooza kwa sababu Pua kasema unanukia ngozi ya kiatu kipya, na mmoja ameomba aongezwe! Nilicheka machozi yakanitoka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe. Kimya alinitazama kidogo, akaendelea kuosha.

Orodha ilikuwa inakwenda kwa mchapaji Ijumaa. Jumanne nzima nilijipa sababu. Mawifi wana wateja wengine. Mwaka mmoja si mwingi. Mwakani nitawarudisha. Nikiropoka nitapoteza kiti, na nikipoteza kiti jina langu litabaki la kuchekesha tu. Nilikuwa na sababu za kutosha kabisa, we acha tu.

Jumatano mchana kopo lako likafika.

Nilifunga mlango wa chumba cha nyuma, nikalifungua. Nilikuwa nimejidanganya kwamba kwa kile kitambaa itakuwa tofauti, kwamba pua inaweza kukataa dunia nzima lakini haiwezi kumkataa Mama. Nikakunjua. Nikaona maua yake ya bluu, nikashika ile alama ya pasi pembeni, ile aliyoiunguza siku uliyozaa. Nikakifunika usoni, nikavuta pumzi.

Hakukuwa na kitu. Kilikuwa kitambaa tu. Ungenipa taulo la hoteli lingekuwa sawa sawa.

Nililia, sikufichi. Nililia kwa hasira, nikapiga meza, mpokea simu akagonga mlango kuuliza kuna nini nikamwambia kabati limeniangukia. Nilikuwa sijajua ukubwa wa nilichopoteza mpaka pale. Maziwa, mvinyo, mvua, hayo nilikuwa nimeshayazoea. Hili nilikuwa sijalifikiria.

Kisha nikachukua karatasi, nikaanza barua yako. Nikaandika, "Ndiyo Mama mdogo, bado kinanukia vile vile." Nikaisoma. Ungefurahi. Ungeisoma mara tatu, ungeweka kwenye droo. Na nilikuwa nimeiandika kwa mkono ule ule uliopanga ngozi ya kiatu kipya. Nikaichana.

Nilifikiri pia kumpa binti yangu anuse. Lakini yule angejibu ndiyo kabla hata hajainama, kwa kunihurumia, na tena bibi yake alikuwa anampenda mno. Na ndiyo ya namna hiyo nilikuwa nimeionja mezani Jumatatu.

Basi, kama nisingeweza kukudanganya wewe kuhusu kitambaa, mawifi nao ningewaachaje? Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Mama Ratiba na macho yangu mekundu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Mafua, maziwa, kumbukumbu, uso wa Kimya, jino.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu mwezi wa tatu. Alivuta faili la malalamiko ya wageni, akalamba kidole, akafunua. Mwaka jana malalamiko kumi na tisa. Mwaka huu manne, na mawili ni ya vumbi.

"Siku ambazo wageni walikuachia wewe uchague kati ya vile sita," akauliza, "ulikuwa unachaguaje?"

Sikuwahi kujiuliza. Nikamwambia kama ilivyonijia. Natazama kama mwenyeji anasuuza bilauri mbele yako au anaifuta kwa aproni. Natazama kama anakuuliza unapenda nini kabla hajakwambia upende nini. Kama viti vina migongo. Choo kiko wapi na kina sabuni. Kama wafanyakazi wenyewe wanakunywa mvinyo wa pale wakitoka kazini, au wananunua kwa jirani. Kama mbwa wa pale amenenepa.

Mama Ratiba akasema, "Andika hayo." Kisha akasema kiti cha kusema kwanza nitampa Kimya.

Sikukipenda hicho, Mama mdogo. Ningekuwa muungwana ningesema nilikubali kwa moyo mweupe, lakini nilitoka mle nimevimba. Kimya ndiye mwenye ulimi, haki yake, lakini miaka kumi na moja ni miaka kumi na moja. Sasa nimebaki kuendesha gari, kuongoza wageni, na kukagua viti na vyoo. Kwenye ratiba mpya nimeandikwa hivyo hivyo, "viti na vyoo". Kimya alipoambiwa amepandishwa alisema, "Soksi ni zile zile?"

Jioni ile ile nilikwenda kwa mawifi, sikutaka wasikie kwa mtu. Mdogo alikuwa anasafisha mapipa, mkubwa anatafuta funguo. Nikawaeleza. Wifi mkubwa alikuja juu vibaya sana. Alisema nimesimama kwenye ghala lake msimu mzima nikisifia harufu nisiyoisikia, na yeye akawa anaziandika sifa zangu ubaoni! Kweli, aliziandika, nilikuwa napita naziona. Nilikosa pa kuweka uso. Nikasema nisamehe, akasema atafikiria. Mpaka leo anafikiria. Wifi mdogo aliniuliza tu kama sukari naisikia, nikasema ndiyo, akaniletea kikombe cha maji ya zabibu, nikanywa nikiwa nimesimama mlangoni.

Alhamisi tulirudia meza, Kimya akasema wa kwanza, maneno mawili mawili. Mawifi wamerudi kwenye orodha kwa chupa yao wenyewe. Wale wa namba saba tuliwatendea haki, tukafungua chupa yao nyingine. Ile haikuwa imeoza, kumbe kilikuwa kizibo kibovu cha chupa ya kwanza, lakini safari hii hakuna aliyeomba aongezwe.

Sasa tuje kwenu. Nimewachagulia vitatu, na Baba mdogo asibishe.

Asubuhi mtaanza na kiwanda kikubwa cha bondeni, kile chenye saa ukutani. Mvinyo wake Kimya anasema ni wa kawaida. Nimekichagua kwa ajili ya Baba mdogo, kwa sababu kuna mashine ya kujaza chupa, na chupa zinakuja kwenye mkanda zimejipanga moja baada ya moja, kengele inalia, mkanda unasimama, unaondoka tena kwa dakika. Atasimama pale na saa yake mkononi na hatatoka. Pako tambarare, goti halitalalamika.

Baadaye nitawapeleka kwa fundi mapipa. Huyu ana mvinyo aina mbili tu, lakini mapipa anayatengeneza mwenyewe, na atakuacha ushike mbao na upige nyundo ukitaka. Ana kiti kimoja tu kizuri, na nimeshamwambia ni chako.

Mwisho ni kwa mawifi. Mabenchi yana migongo, kivuli kinafika saa tisa, na kutoka benchi la kwanza hadi chooni ni hatua kumi, nimezihesabu. Watawauliza mnapenda nini. Wewe waambie ukweli, kwamba hupendi mvinyo mkali na unakuja kwa ajili ya kukaa, watakupa kidogo kitamu na watakuacha ukae. Wakigombana mbele yako kuhusu funguo, usiwaamue.

Kile cha kilimani, cha kwenye picha ulizonitumia, sahau. Ngazi hamsini na mbili, na mwenyewe anamimina tone moja kisha anakusimulia maisha yake kuanzia shule ya msingi. Na kile chenye masofa meupe, mbwa wao amekonda.

Mambo madogo. Kuleni kwanza, msije na tumbo tupu. Kutema kwenye ndoo si matusi, mwambie Baba mdogo, asije akameza kila kitu kwa heshima. Na siku hiyo msijipake marashi, harufu ikiingia ghalani inawavurugia wageni wengine bilauri zao. Hii ni pamoja na ile dawa yake ya kuchua goti, Mama mdogo. Akiingia nayo, kiwanda kizima kitaonja goti. Mimi peke yangu ndiye haitanisumbua.

Nisalimie kaka mkubwa na wifi yangu, na binamu yangu kinyozi, mwambie picha ya duka jipya nimeiona na kioo kimekaa upande. Shangazi mwenye duka la vitambaa mpe shikamoo mbili, moja ya deni la safari iliyopita nilipoondoka bila kumuaga. Kichanga kipya mbusu kisogoni kwa niaba yangu. Binti yangu anawasalimu wote, anasema taa yako ya varanda usiiguse mpaka aje aitengeneze.

Nimebakiza jibu la kopo, na nimelibakiza kwa makusudi, kwa sababu mpaka juzi Ijumaa barua hii ilikuwa iishie kwa kukuomba radhi kwamba sijui.

Ijumaa asubuhi, orodha ikiwa imeshakwenda kwa mchapaji, niliingia chumba cha nyuma kukunja kitambaa vizuri nikufungie kopo. Nilikuwa nimekitandaza mezani, nalainisha mikunjo kwa kiganja. Kimya akaingia kuchukua funguo za gari. Akasimama mlangoni. Akatazama ukutani, akatazama swichi, akatazama chini ya meza.

"Nani anapiga pasi?" akauliza.

Mama mdogo, ofisi yetu haina pasi. Haijawahi kuwa nayo. Kimya hakumjua Mama, hajui alikuwa dobi, la kopo sikumwambia yeye wala mtu yeyote pale. Kwake kile kilikuwa kitambaa tu mezani, wala hakukitazama. Nikamwambia hakuna anayepiga pasi. Na yeye, ambaye habishi, akabisha. "Ipo. Pasi ya moto, na wanga." Akaenda zake kukagua stoo, asije akaacha kitu kinaungua.

Nilikaa na kopo lako mapajani mpaka aliporudi kuniambia hakuna moto.

Jibu lako ndilo hilo. Imo, Mama mdogo. Imejaa hadi mlangoni.

Kopo silitumi tena kwa posta, nitakukabidhi mkononi ukishuka. Mungu awalinde, awafikishe salama, na goti pia.

Binti yako akupendaye, na ambaye bado wanamwita,

Pua